Kupaka rangi ukuta wa projekta nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukuta wa sebuleni kwangu Tanga niliupaka rangi mara tatu kabla haujawa ukuta wa projekta wa kueleweka. Tangu hapo majirani wawili na shemeji yangu wameniita nikawapakie wa kwao, na maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa jinsi yanavyoulizwa.

Kwani siwezi kurusha picha kwenye ukuta nilio nao, bila kupaka chochote?

Unaweza, na ni vizuri uanze hivyo hivyo. Subiri usiku, zima taa zote, rusha picha, kisha bandika karatasi nyeupe ya A4 katikati ya picha kwa tepu. Rudi ukakae kwenye kochi. Kama kile kipande cha picha kilichoangukia karatasi kinang'ara na kina rangi safi kuliko kilichokizunguka, rangi mpya itakusaidia. Kama unaitafuta karatasi kwa macho na huioni ilipo, ukuta wako hauna kosa la rangi. Shida iko kwingine, na mara nyingi iko kwenye dirisha.

Kuta nyingi za huku kwetu zimepakwa krimu au nyeupe ya maziwa. Mchana hazina tatizo. Usiku, chini ya projekta, krimu huivuta picha yote kwenye umanjano, na jezi nyeupe inaonekana kama imefuliwa kwa maji ya kisima. Kwenye projekta unaweza kupunguza manjano, lakini kila unachopunguza ni mwanga unaoutupa.

Ninunue rangi gani hasa?

Emalshen (rangi ya maji) nyeupe ya ndani, isiyong'aa. Dukani ulizia vinili mati, nyeupe pe, isiyotiwa tone lolote la rangi nyingine. Basi. Usinunue ya mafuta, wala ya nje ya kuzuia mvua, wala ile ya dari iliyo nyepesi kama maji ya mchele.

Unga unaoipa rangi hiyo weupe ni titani dioksaidi. Rangi nzuri isiyong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga ulioiangukia, na huutawanya kila upande. Hapo kwenye kutawanya ndipo penye siri: bibi aliyekaa kwenye kiti cha pembeni anaona picha ile ile anayoiona aliyekaa katikati. Skrini nyingi za dukani zilizoandikwa kuwa zina geini (kiasi cha mwanga unaorudi kwa anayetazama) ya 1.0 zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa tofauti ambayo bila kuziweka bega kwa bega huwezi kuigundua.

Ninayo ndoo ya silki, rangi yenye mng'ao, iliyobaki. Haifai?

Haifai. Ndiyo iliyonipa somo la kwanza. Nilikuwa na nusu ndoo ya vinili silki, nikaona kwa nini nipoteze hela. Mchana ukuta ulipendeza mno, mpaka mke wangu akapiga picha. Usiku tukawasha mechi: katikati ya uwanja kuna doa la mwanga kama mbalamwezi, na pembeni giza. Ukihama kiti, doa nalo linahama, linakufuata. Silki inaakisi kama kioo hafifu, kwa hiyo inakuonyesha taa ya projekta yenyewe badala ya kuutawanya mwanga wake. Na kuifuta silki si kazi ndogo: rangi mpya haishiki juu yake mpaka uukwangue ukuta mzima kwa msasa. Jumamosi yangu yote iliishia hapo.

Na rangi maalumu za skrini? Na ule mchanganyiko wa kutia unga wa fedha?

Rangi maalumu zipo na si uongo, ila huku kwetu utaziagiza kutoka nje, na gharama ya kopo na usafiri ikijumlishwa inaweza kukaribia bei ya skrini yenyewe. Kwa projekta ya kawaida ya nyumbani sioni sababu.

Mchanganyiko wa fedha ni habari nyingine. Watu hutia rangi ya fedha au chembe za kumeta kwenye emalshen ili mwanga mwingi urudi kwa anayetazama. Unarudi kweli, lakini kwa aliyekaa katikati tu, na kila palipozidi chembe pana kijinyota. Kwenye picha ya mbingu ya mawingu unaona mchanga unameta. Mistari ya rola nayo inajitokeza yote, kwa sababu chembe hulala kufuata upande ulikopita rola. Aliye na bunduki ya kupulizia rangi na mkono uliozoea anaweza kupatia. Kwa rola, sijaona aliyepatia.

Nimesikia kijivu ni bora kuliko nyeupe. Kweli?

Inategemea, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyana. Wanasema kijivu "kinakataa" mwanga wa dirisha. Hakikatai. Rangi haijui mwanga upi umetoka dirishani na upi umetoka kwenye projekta. Ikipunguza mmoja inapunguza na mwingine kwa kiasi kile kile. Picha iliyofifishwa na dirisha kwenye nyeupe itafifia vile vile kwenye kijivu, tena itakuwa na giza zaidi.

Kinachosaidiwa na kijivu ni chumba chenye giza lakini chenye kuta na dari nyeupe. Mwanga wa picha hutoka kwenye skrini, ukagonga dari, ukarudi kwenye skrini na kuyachafua maeneo meusi. Tuseme kijivu chako kinarudisha asilimia 60. Picha unaiona ikiwa imepungua mara moja, 60 kwa 100. Mwanga uliozunguka chumba umepita kwenye hicho kijivu mara mbili, kwa hiyo umebaki 36. Hiyo ndiyo faida yake yote: weusi unakuwa weusi zaidi ukilinganisha na picha.

Lakini ni lazima uwe na mwanga wa kutoa sadaka. Projekta dhaifu ukiirushia kijivu unaiua. Yenye lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) za ANSI, yaani zilizopimwa kwa utaratibu rasmi, 2,000 na zaidi, kwenye picha ya inchi 100 kona hadi kona, katika chumba cheupe, unaweza kujaribu. Chini ya hapo baki na nyeupe.

Ukiamua kijivu, kichanganywe dukani kwa mashine na kiwe kijivu kitupu. Usichanganye mwenyewe kwa kijiko cha rangi nyeusi, kwa sababu nyeusi nyingi za kuchanganyia zina ubuluu ndani yake, na ukishaukausha ukuta ndipo unapogundua umepata rangi ya sare za shule.

Projekta yangu imeandikwa lumeni 9,000. Nifanye inchi 150?

Polepole. Tafuta kwenye boksi au kitabu chake neno ANSI. Kama halipo, hiyo 9,000 ni ya matangazo. Projekta nyingi ndogo za bei nafuu hutoa lumeni za ANSI mia mbili hivi, nyingine chini ya hapo.

Fanya hesabu, ni rahisi. Picha ya 16 kwa 9 (upana kwa kimo) ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, yaani mita za mraba 2.76. Ukigawa lumeni 200 kwa eneo hilo unapata kama laksi 72, yaani lumeni 72 kwa kila mita ya mraba. Taa za sebule peke yake zinaweza kufika laksi 100. Maana yake, ukiwasha taa ile, taa imekushinda. Ukishuka hadi inchi 80, sentimita 177 kwa 100, projekta ile ile inakupa laksi 113 na picha inapata uhai. Ukipanda hadi inchi 120 eneo linakuwa karibu mita za mraba 4, na laksi zinabaki 50. Inchi za picha ukiziongeza mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo.

Kwa hiyo usiamue ukubwa kwa futi kamba. Rusha picha usiku siku mbili tatu, isogeze projekta mbele na nyuma, na pale macho yanapotulia ndipo uweke alama za penseli kwenye pembe nne. Projekta iwe imeelekea ukuta moja kwa moja, bila kutumia ile kazi ya kunyoosha picha kielektroniki, maana hiyo huibana picha kwenye nukta chache zaidi ili ionekane imenyooka.

Na mechi za jioni?

Mechi za Uingereza za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwao, hapa ni saa kumi na moja jioni, na majira yao yakibadilika ni saa kumi na mbili. Jua la pwani linazama saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Kipindi chote cha kwanza unapigana na mwanga wa nje, na hakuna rangi duniani itakayokushindia. Nunua pazia zito kabla ya rangi. Kitambaa kizito cha rangi ya giza, kilichozidi dirisha sentimita 20 kila upande na kufika sakafuni, kimenisaidia kuliko makopo yote matatu ya rangi. Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mpira mtaani, wanalijua hili siku nyingi: magunia na maboksi kwenye madirisha hayakuwekwa kwa sababu ya umaskini tu.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda. Anza na pazia.

Ukuta unyooke kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaniulizi, nami nalijibu kwa lazima. Rangi mbaya kwenye ukuta ulionyooka inatazamika. Rangi nzuri kwenye ukuta wenye mawimbi ni hasara.

Fundi aliyenipigia lipu aliniambia, "Kaka, huu ukuta umenyooka kama rula." Nikamwamini, mchana ulikuwa kama rula kweli. Usiku nikazima taa, nikaiegemeza simu ukutani huku tochi yake ikimulika sambamba na ukuta. Looh! Kila palipopita mwiko paliandika. Kulikuwa na vilima, mabonde, shimo la msumari lililozibwa na dawa ya meno (siri ya mpangaji aliyetangulia), na mstari mrefu wa kuungia lipu uliokata kutoka dirishani hadi kwenye swichi. Fanya kipimo hicho kabla hujanunua hata brashi. Zungushia penseli kila kinachotupa kivuli.

Kipimo cha pili ni ubao au bomba la aluminiamu la mita mbili lililonyooka. Uuweke ukutani kwa mlalo, kwa wima na kwa mshazari. Mwanya wa milimita moja au mbili uliosambaa polepole hautauona kwenye picha. Kinachoonekana ni kitu cha ghafla: ukingo, kovu, kipele.

Dawa yake ni puti ya kuta. Kwangua rangi inayobanduka, futa vumbi, ziba mashimo, yakikauka piga puti nyembamba ukuta mzima wa eneo la picha na ziada ya sentimita 15 kila upande. Mkono wa kwanza uvutwe wima, wa pili mlalo. Puti nene ya mara moja hupasuka. Mbili au tatu nyembamba hazikusumbui. Ikikauka, msasa namba 120 uliofungwa kwenye kipande cha ubao, si kwa vidole, maana vidole vinafuata mabonde. Malizia na namba 220, tochi ikiwa imewashwa pembeni muda wote. Funga mdomo na pua kwa barakoa, na ufunike kochi, la sivyo utalala na ule unga wiki nzima.

Kama lipu yako ni ile ya kurushia, yenye ngozi kama ganda la fenesi, usihangaike nayo. Nenda kwenye jibu la ubao hapo chini.

Kupaka kwenyewe nafanyaje?

Anza na andakoti (rangi ya chini) ya maji, kwa sababu puti inakunywa rangi kama ardhi ya Novemba, na inakunywa bila usawa. Ukiruka hatua hii utapata mabaka yenye mng'ao tofauti yanayoonekana kwenye kila tukio la theluji au mawingu.

Rola iwe ya manyoya mafupi, milimita 6 hadi 10. Ioshe na uikamue kabla ya kuanza, au izungushie tepu na kuibandua ili nyuzi zinazotoka zitoke huko, zisije zikakauka ukutani. Zungushia eneo lako tepu ya karatasi. Mkono wa kwanza wa rangi ongeza maji kidogo, sehemu moja ya maji kwa kumi za rangi, kama kopo halikatazi. Paka kwa vipande vya upana wa rola mbili, kila kipande kikipandiana na cha kabla yake kingali kibichi. Ukishajaza ukuta, pitisha rola kavu kidogo kutoka juu hadi chini, upande mmoja tu, bila kukandamiza. Halafu acha. Kuna mahali utaona pamekosewa na mkono utawasha, usirudi. Rangi iliyoanza kukauka ukiipitia rola inararuka.

Zima feni. Mimi niliiacha inazunguka kwa sababu ya joto la Februari, na rangi ikawa inakauka kabla sijaunganisha vipande. Tulitazama mistari ya wima mwezi mzima.

Kati ya mkono na mkono subiri kwa muda wa saa nne, wakati wa masika pwani subiri hadi kesho yake. Msasa namba 220 mwepesi katikati, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Mikono miwili inatosha mara nyingi, mitatu kama chini palikuwa na rangi kali.

Lita ngapi?

Moja. Lita hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na inchi 100 kwa mikono mitatu ni kama mita za mraba 8.3. Fundi akikwambia ndoo ya lita nne, anataka kupaka na kwake.

Ukuta wangu unatoa chumvi.

Pole, na usipake. Ule unga mweupe unaotoka ni chumvi inayobebwa na maji yanayopanda au kupenya ukutani, na itaisukuma rangi mpya ibanduke kama ilivyoibandua ya zamani. Chanzo cha maji kizibwe kwanza, ukuta ukauke, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu (ukiiosha kwa maji unairudisha ndani). Lipu mpya nayo iache wiki nne ndipo uipake.

Nyumba za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au Lamu, ni za kuachia hivyo zilivyo. Zile kuta zinahitaji kupumua, emalshen ya plastiki inazifunga pua. Na hata hivyo hazijawahi kunyooka.

Nimepanga, mwenye nyumba hataki ukuta uguswe.

Tumia ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ubao kamili wa futi 8 kwa 4 una sentimita 244 kwa 122. Kimo cha sentimita 122 kinakupa picha ya 16 kwa 9 yenye upana wa sentimita 217, ambayo ni inchi 98 kasoro kidogo, bila kiungo hata kimoja. Mabaki ya pembeni, sentimita 13 kila upande, yapake nyeusi. Kwa maoni yangu hii ni njia bora hata kwa mwenye nyumba yake: ubao umeshanyooka kiwandani, unaupaka ukiwa umelala juu ya stuli uani, na ukihama unahama nao.

Tahadhari mbili. Paka pande zote mbili na kingo zote, hata upande usioonekana. Ukipaka mmoja, ubao unanyonya unyevu upande mwingine na kupinda kama chelewa. Na ni mzito: wa milimita 12 unakaribia kilo 25, kwa hiyo tumia mabano ya chuma na skrubu zenye plagi, si misumari ya kuning'iniza kalenda. Kwa hilo itabidi uongee na mwenye nyumba, au uusimamishe juu ya kabati la TV.

Shuka jeupe je?

Kwa usiku mmoja wa harusi, sawa. Nyumbani hapana: mwanga mwingi unapita nyuma, na feni ikipiga, mabeki wote wanayumba. Ukilazimika, tumia bafta (kitambaa cheupe cha pamba) iliyopigwa pasi na kuvutwa kwenye fremu ya mbao, nyuma yake kitambaa cheusi. Kitambaa cha marekani kina umanjano.

Fremu nyeusi ya kuizunguka picha ina kazi gani zaidi ya urembo?

Inameza mwanga uliomwagika pembeni na kuyafanya macho yaone picha ina nguvu zaidi. Sentimita 6 hadi 8 zinatosha. Rangi nyeusi isiyong'aa inafaa, mahameli nyeusi inafaa zaidi, maana huakisi kidogo mno. Hatua hii gharama yake ni ndogo na wageni huisifu kuliko kazi yote uliyoifanya kwenye puti.

Projekta yangu ni ile inayokaa chini, karibu kabisa na ukuta.

Basi usipake ukuta. Mwanga wake unapanda sambamba na ukuta, kama ile tochi ya simu, na kila wimbi linapinda mistari ya picha. Nunua skrini ngumu iliyotengenezwa kwa projekta za aina hiyo.

Naweza kutazama lini, na nausafishaje?

Kutazama, kesho yake. Kusafisha, ngoja mwezi, rangi igande sawasawa. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu. Emalshen isiyong'aa haipendi kusuguliwa: ukisugua alama ya kidole kwa sabuni, alama inatoka na mahali pake panang'aa, doa jipya. Ndiyo maana nimeweka kopo dogo la rangi ile ile juu ya kabati, limefungwa vizuri, na kipande cha rola. Mwanangu wa pili anapenda sana kumshika goli kipa.